Ekari 17 za Barafu Juu ya Naro Moru

Barafu yote iliyosalia kwenye Mlima Kenya ingeenea katika shamba la ekari 17. Watafiti waliopima kwa picha za setilaiti za 2021 na 2022 walipata kilomita za mraba 0.069 kwa mlima mzima. Upande wa Timau kuna mashamba ya ngano ambayo kona moja tu ingeimeza barafu hiyo yote. Sehemu yake inayojulikana zaidi ni Lewis, barafuto (yaani mto wa barafu) iliyolala kati ya kilele cha Nelion na kile cha Lenana. Imechorwa ramani tena na tena tangu 1934, na wataalamu huitaja kuwa barafuto ya tropiki yenye kumbukumbu nyingi kuliko zote. Mtu akitaka kujua barafu ya Ikweta inavyokufa, hii ndiyo anayoanza kuisoma.

Mimi hufundisha jiografia. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya barafu nachora ubaoni bonde lenye umbo la U, kiziwa kilichochimbwa na barafu, na ukingo mkali wa mwamba uliobaki kati ya mabonde mawili. Wanafunzi huandika: mfano, Mlima Kenya. Mlima wenyewe wengi wao wameuona kwa mbali tu, alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Nilitaka kuiona Lewis kwa macho yangu kabla haijawa habari ya vitabuni, ndiyo maana nikaenda Januari, majira ambayo mlima huwa mkavu.

Safari huanzia Naro Moru, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki. Matatu za Nairobi hupitia Sagana, Karatina na Kiganjo, na ukishaiacha Kiganjo unaiona nchi ikigeuka. Migomba na kahawa hubaki nyuma, mbele yako hutanda nyika ya majani makavu, ua za waya na mipungate. Huku ni upande wa mlima ulionyimwa mvua. Pepo za kusi na kaskazi hutoka Bahari ya Hindi zimejaa mvuke, zikaumwaga upande wa Chuka na Meru, na zikivuka kuja huku zinakuwa hazina kitu. Mtu aliyezoea kuusikia Mlima Kenya ukitajwa kama chemchemi ya nchi nzima hatarajii kuuona ukavu huu chini yake.

Mji wenyewe ni wa kuuzunguka kwa mguu ukaumaliza upesi. Kuna steji, vibanda vya chai, wauza viazi na vitunguu, maduka ya mabati, na stesheni ya reli ya Nanyuki, ambayo treni ya abiria ilirejeshwa mwishoni mwa 2020. Ukitaka koti zito, glavu au fimbo za kupandia, wapo wa kukukodisha. Kitu kilichoniganda machoni ni mitungi: mitungi ya manjano kwenye boda boda, kwenye mikokoteni, migongoni mwa akina mama, ikitafuta maji. Kileleni kunang'aa barafu, na mtaani watu wananunua maji kwa mtungi.

Mama aliyeniuzia chai na mandazi alinieleza bila kuzunguka. "Mto unapungua, mwalimu. Wale wa juu wakishamwagilia, sisi wa chini tunabaki na mawe."

Nikamuuliza anafikiri ni kwa nini.

"Si barafu inaisha? Barafu ikiisha, mto nao umekwisha."

Nililisikia neno hilo tena kwa dereva, tena kwa kijana wa langoni, na nimewahi kulisikia likisemwa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko wao. Nikaamua kupanda nalo.

Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni kama kilomita 17 za barabara ya mashamba, halafu msitu. Ada hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kabla ya kufika. Msitu huanza na miti mirefu ya podo na mierezi, ukaingia kwenye mianzi, kisha mihagenia yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia matawini. Kituo cha kulala kiitwacho Met Station kiko mita 3,050. Wengi hulala hapo, na ni jambo la busara, kwa sababu njia ya Naro Moru inasifika kwa kupanda haraka na mwili hauna budi kupewa muda. Kichwa kikianza kuuma na chakula kikikataa, dawa ni kushuka.

Mwongozaji wangu alikuwa mzee wa Naro Moru aliyeanza kubeba mizigo ya wageni akiwa kijana mdogo. Hakuwa msemaji. Alitembea mikono nyuma, pole pole, na kila nilipoharakisha alisimama tu hadi nilipoelewa.

Juu ya Met Station msitu huisha ghafla, na hapo ndipo huanza kinamasi cha mteremko ambacho wapandaji wote wanakijua kwa jina la Vertical Bog. Unapanda huku miguu inazama. Nyasi zimeota kwa mafungu mafungu, katikati yake maji meusi ya baridi. Unaruka fungu hadi fungu, unakosea, buti linajaa. Hata Januari, wiki nyingi baada ya mvua za vuli, udongo ule ulikuwa umejaa maji. Kila mtu tuliyepishana naye alikilalamikia. Nami nilikuwa nikiwaza barafu tu, sikukitazama vizuri wakati wa kupanda.

Halafu Bonde la Teleki likafunguka, nikasahau baridi. Kila ninachokichora ubaoni kilikuwa pale: kuta mbili zimesimama, sakafu pana ya bonde, mto mwembamba umekatiza katikati ya bonde ambalo haungeweza kulichimba peke yake. Barafu ndiyo iliyolichimba, zama ambazo ilishuka hadi chini kabisa ya bonde hili. Kwenye sakafu hiyo kumesimama masenesio, mengine marefu kuliko mtu wawili, yamejivika majani yao makavu shinani ili utomvu usigande usiku. Malobelia hufunga majani jua likizama na kuyafungua asubuhi, yakilinda chipukizi la katikati. Huku mchana jua linaunguza na usiku maji yanaganda, mwaka mzima, na kila kiumbe kimejifunza kuishi hivyo. Hata pimbi wa Mackinder's Camp, mita 4,200, wana manyoya mazito.

Majina ya huku juu yana historia yake. Mwanajiografia Halford Mackinder alifika kilele cha Batian mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji kutoka Alps, na ndiye aliyevipa vilele majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai. Barafuto zenyewe, nyingi zilipewa majina ya wanasayansi wa Ulaya na Marekani. Lewis ni Henry Carvill Lewis, mtaalamu wa miamba wa Marekani aliyefariki 1888, kabla ya Mzungu yeyote kuikanyaga barafu hii. Msafara wa Mackinder ulikuwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu wengi, na silijui jiwe la mlima huu lenye jina la hata mmoja wao. Ninapofundisha sasa, nalitaja hilo pia.

Tuliondoka Mackinder's usiku wa manane. Kuna mteremko mrefu wa kokoto ambapo ukipiga hatua moja unarudi nusu, na usiku ndio wakati mzuri kwa kuwa zimegandishwa kidogo. Kulipopambazuka tulikuwa karibu na Austrian Hut, kibanda kilicho mita 4,790, kilichojengwa kwa fedha za Waaustria baada ya uokoaji mgumu wa mpandaji wa kwao mwaka 1970. Mzee akaashiria kwa kidevu. "Ndiyo ile."

Lewis si nyeupe. Ni ya kijivu, na kwenye kingo zake ni kahawia kwa vumbi. Imelala kwenye mteremko chini ya ukuta wa Nelion, na mahali fulani mwamba umejitokeza ukaikata. Uso wake una vishimo vidogo vidogo, kila kishimo na chembe za mchanga chini yake, kwa sababu chembe nyeusi hushika joto la jua na kuzama zikiyeyusha. Nilivua glavu nikaigusa. Ilikuwa ngumu na yenye makali, na ndani yake mlikuwa na viputo vya hewa vilivyofungiwa. Jua lilipopanda kidogo nikaanza kusikia maji yakitiririka chini yake. Hayakwenda mbali: chini ya ncha ya barafu kuna kiziwa kiitwacho Lewis Tarn, cha maji ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na unga wa mawe, na mahali kilipo palikuwa barafu tupu zamani.

Mzee alinipeleka hadi kwenye mwamba uliolainishwa, wenye mikwaruzo yote ya upande mmoja. Nimeieleza mikwaruzo hiyo darasani mara nyingi: mawe yaliyogandamana chini ya barafu ndiyo huikwaruza miamba inapopita. Nikapitisha kidole ndani ya mmoja.

"Hapa nilikuwa napita juu ya barafu," akasema, "nikiwavusha wageni kwenda Nelion. Tulivaa vyuma vya miguuni. Siku hizi tunapita kwenye mawe, na mawe yanaanguka."

"Ilikuwa na kimo gani, mzee?"

Akatazama ukutani, akanyoosha fimbo hadi mahali rangi ya mwamba inapobadilika, juu sana ya vichwa vyetu, akaishusha bila kusema.

Kipimo cha wataalamu kinakubaliana na fimbo yake. Kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake Gregory, ambayo niliiandika kwenye daftari langu la sekondari, haipo tena. Kati ya 2004 na 2016 pekee, barafu ya mlima mzima ilipungua kwa asilimia 44. Na mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza kwamba Mlima Kenya unaelekea kubaki bila barafu katika miaka ya 2030, kabla ya Kilimanjaro na Rwenzori.

Watu wengi hujibu "joto" wakaishia hapo, na joto kweli limo, lakini kisa cha barafu ya Ikweta kina sura zaidi ya moja. Huku hakuna majira ya baridi ya miezi mitatu ya kuipumzisha. Jua huipiga kila siku ya mwaka, na kinga yake ni theluji mpya, ambayo weupe wake huurudisha mwanga angani. Mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kavu kuliko ilivyokuwa. Maziwa yakashuka, mawingu na theluji vikapungua milimani. Barafu ikaanza kufa njaa kabla ya moshi wa viwanda vya leo. Kisha joto la zama zetu likaikuta tayari imedhoofika. Theluji ikikosekana barafu huachwa wazi, ikachafuka, ikawa nyeusi, na kadiri inavyozidi weusi ndivyo inavyozidi kunywa jua.

Sasa nirudi kwa mama wa chai na neno lake, kwa sababu hesabu yake nilikuwa nayo mfukoni. Mwaka 2010 watafiti walipima unene wa Lewis kwa rada. Kwa wastani ilikuwa mita 18, na ujazo wake haukufika mita za ujazo milioni 2. Bwawa la Ndakaini, linaloinywesha Nairobi, hubeba mita za ujazo milioni 70. Kwa maneno mengine, hata wakati ule, Lewis yote ingeyeyuka siku moja na kila tone likaelekezwa Ndakaini, isingejaza hata asilimia 3 ya bwawa. Tangu wakati huo imezidi kuisha. Mto Naro Moru hauishi kwa maji ya barafu, na haujaishi hivyo kwa muda mrefu.

Unaishi kwa nini? Nilipokuwa nikishuka nilisimama katikati ya Vertical Bog, buti zimejaa maji tena, na safari hii nikakitazama. Mvua nyingi ya mlima huu hunyesha kwenye ukanda wa msitu na sehemu ya nyasi iliyo juu yake. Udongo wa huku ni mweusi, mzito, umejaa mizizi na majani yaliyooza, na huyashika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo miezi ya kiangazi. Kinamasi ambacho kila mpandaji hukilaani ndicho tangi la Naro Moru, nao msitu ulio chini yake ni tangi la pili, kubwa zaidi. Wageni hukivuka mbio kwenda kuipiga picha Lewis. Nami nilifanya vivyo hivyo siku ya kupanda.

Ndiyo maana neno lile linanihangaisha. Tukisema mto unakufa kwa sababu barafu inaisha, tumeutupa mzigo mahali pasipo na mtu wa kuubeba. Hakuna mkulima wa Kieni, eneo hili la Naro Moru, wala chifu wala kamati awezaye kuizuia Lewis isiyeyuke. Lakini msitu una wenyewe. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilipiga doria ya ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya, na kilichoonekana ni magogo ya muthaiti, mti wa mbao wa msitu huu, yaliyokatwa kwa maelfu, matanuri ya makaa na mashamba ya bangi katikati ya miti. Mwaka uliofuata msitu wote ukawekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyasi na msitu wa mlima. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alipopata habari ya Tuzo ya Nobel mwaka 2004 alipanda mti papo hapo Nyeri, akiuelekea mlima huu. Alijua maji yanatoka wapi.

Huko chini pia kuna mambo yaliyo mikononi mwa watu. Mboga zinazolimwa kwa umwagiliaji, nyingi zikiwa za kuuzwa nje, zimeongeza mabomba kwenye mito yote ya upande huu. Vyama vya watumiaji maji, vilivyopata nguvu baada ya Sheria ya Maji ya 2002, hukaa na kupanga zamu kiangazi kinapobana, nani afungue siku gani, nani afunge. Ni kazi ya kugombana na majirani, na ni watu wa kawaida wanaoifanya. Lita moja iliyoachwa mtoni na kamati kama hiyo ni lita ambayo mtungi wa manjano utaipata. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko kipimo chochote cha Lewis.

Niliyaeleza haya nyumbani, na ndugu yangu mmoja akaniuliza swali la haki kabisa: kama barafu haitunyweshi, kuna haja gani ya kuililia?

Nimelifikiria sana. Wakikuyu waliomba wakiuelekea Kirinyaga, makao ya Ngai, na weupe ule wa kileleni ndio walioutazama. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera mpya ya Kenya hadi Lenana, kando ya barafu hii. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge, Mkenya, pamoja na Phil Snyder, alikuwa wa kwanza kupanda Diamond Couloir, mfereji wa barafu uliosifika kwa wapandaji duniani kote. Leo sehemu kubwa ya mwaka hauna barafu ya kupandwa. Mzee wangu alijifunza kazi iliyomsomeshea watoto akiwa juu ya kitu ambacho wajukuu wake hawatakikuta. Barafu hii haikuwahi kutudai chochote, na kwetu sisi wa Ikweta ilikuwa jambo la ajabu kwamba ipo. Tuna haki ya kuihuzunikia kwa ajili yake yenyewe, bila kuibebesha kazi ya kutuletea maji.

Nilipomaliza nilirudi kwa mama yule, nikamweleza habari ya kinamasi. Alisikiliza huku akimimina chai, akauliza kama kule juu bado kuna maji kiangazi hiki. Nikamwambia kumejaa, nimezama hadi juu ya kifundo cha mguu. "Basi na wakichunge," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Shuleni nimeomba tuwapeleke wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hatuna haja ya kuwafikisha wote kwenye barafu. Kwa shule za Nyeri, Karatina na Nanyuki, kufika Met Station na kurudi ni safari ya siku moja, na kiangazi magari yenye nguvu ya magurudumu manne hufika hadi pale. Kutoka hapo ni mwendo wa kuvumilika hadi kinamasini, na ningependa kila mmoja achimbe kidogo kwa vidole aone udongo ule unavyobeba maji. Wenye mapafu na muda wajipe siku nne au tano waende hadi Lewis, Januari na Februari au kuanzia Julai hadi Septemba, pamoja na mwongozaji wa mji wenyewe. Wamwombe awaonyeshe ukutani barafu ilikofika enzi za ujana wake.